Sekunde Mbili za Kaseti ya Bibi

Kombe la Bibi lilianguka Jumanne saa nne u nusu usiku, na kwa wiki tatu zilizofuata hakuna mtu nyumbani kwetu Kibokoni aliyelala kwa raha.

Lilikuwa kombe la buluu na nyeupe, mojawapo ya yale yaliyokuja na vyombo vya bahari miaka mingi nyuma yakapangwa kwenye zidaka za Mji wa Kale, na lilikuwa pahali pake tangu kabla Mama hajazaliwa. Mimi nilikuwa nimekaa katikati ya chumba lilimokuwa kombe, juu ya kigoda, laptopu mapajani, mbele yangu spika mbili nilizonunua mkono wa pili Mwembe Tayari. Nilikuwa na miezi minne tangu nianze kutengeneza biti, na usiku huo kilichonisumbua kilikuwa kimoja tu, besi. Niliiongeza, sikuisikia. Nikaiongeza tena. Mara nikasikia nyuma ya kisogo mkwaruzo wa polepole, kama kiti kinachoburutwa na mtu asiyetaka kuamsha watu, halafu mpasuko.

Bibi alikuja ameshika tochi. Hakupiga kelele. Alichutama, akatandaza leso yake sakafuni, akaanza kuokota vipande kimoja kimoja, kila kimoja akikifuta vumbi kwa kidole gumba kabla ya kukiweka.

"Ni nini kilichotikisa nyumba, mume wangu?"

"Ni besi, Bibi."

"Na hiyo besi, we waisikia?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa siisikii.

Niliumia kwa ajili ya kombe, lakini swali lake ndilo lililonikosesha usingizi. Inakuwaje kitu kiwe na nguvu ya kusogeza sahani hadi ukingoni, na mimi niliyekiunda nisikisikie? Jibu nililipata kwenye ukuta. Nyumba zetu za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haivuki pengo kubwa. Mti wenyewe ndio uliowaamulia mafundi upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Changu nilikipima kwa futi ya mshoni, kikatoka mita 2.8 ukuta hadi ukuta. Sauti nayo, katika joto la Mombasa, husafiri kama mita 348 kwa sekunde. Wimbi la urefu wa mita 5.6 hutoshea nusu yake barabara katika upana huo, likagonga ukuta huu na ule na kujirudia, na mtikisiko wake ni karibu mara 62 kwa sekunde. Noti ya B niliyoichagua kwa besi ya 808, ile mashine ya Roland ya mwaka 1980 ambayo sauti yake sasa imo ndani ya kila programu, ni 61.7. Nilikuwa nakipigia chumba noti yake chenyewe. Wimbi la namna hiyo huwa na nguvu kando ya kuta na hufifia katikati. Pale nilipokaa mimi hapakuwa na kitu. Kidakani, lilipokuwa kombe, ndipo lilipojaa.

Nimeona prodyuza wengi chipukizi wakilaumu spika zao, wakauza, wakanunua kubwa zaidi. Kabla ya kutoa pesa, ondoka kwenye kiti. Tembea ndani ya chumba huku ngoma inapiga, kona hadi kona, uone besi inavyokuja na kutoweka. Mimi sikuwa nimefanya hivyo hata siku moja.

Asubuhi kikao kilikaliwa jikoni, Mama akikaanga mahamri, Khalati akikuna nazi, Ami amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Ami alitaka spika ziuzwe siku hiyo hiyo na pesa zinunue kombe jingine. Mama alisema kombe kama lile haliuzwi dukani. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikijua chochote watakachoamua ni haki yao. Mwisho wote wakanyamaza wakimngoja Bibi.

"Kombe halilipiki," alisema. "Lakini dadako aolewa wiki tatu zijazo. Utatengeza ngoma ya chakacha ya usiku wa kupamba, ya kuteza wanawake. Tuone hicho kilichovunja kombe langu chafaa nini."

Hukumu hiyo ilinipa furaha na hofu kwa pamoja. Kupamba ni usiku wa wanawake, usiku ambao bi harusi huonyeshwa alivyopambwa, na mwanamume haingii. Ningetengeneza kitu ambacho sitaruhusiwa kuona kikitumika.

Nikahamishiwa stoo ya chini, na sharti la kutopiga spika baada ya sala ya isha. Dadangu naye akanishika mkono kwenye ngazi akaniomba singeli, kwa sababu rafiki zake wa chuo walikuwa wamezoea kuikimbilia kwenye video. Naielewa hamu yake. Singeli imezaliwa mitaani Dar es Salaam, kwenye sherehe za vigodoro, na mwendo wake hupita mapigo 200 kwa dakika. Ni muziki ninaouheshimu sana. Lakini hukumu ilikuwa chakacha.

Kazi ya kwanza niliimaliza kwa siku mbili, na nilidhani imekuwa nzuri. Nilifungua FL Studio, ile programu ya Wabelgiji iliyoanza miaka ya tisini kwa jina la FruityLoops, nikajaza vile visanduku 16 mbele yangu: kiki kila sanduku la nne, snea mahali pake, haihati katikati, na juu yake sauti ya ngoma ya mkono niliyoipakua. Nikaipeleka jikoni kwenye simu. Bibi alikuwa amekaa juu ya mbuzi, ile ya kukunia, na kifuu mkononi.

Alisikiza bila kusimamisha mkono. Nazi ilikuwa ikidondoka sinia, krr-krr, krr-krr, na nikaona kwamba mkono wake na biti yangu vilikuwa havikutani popote.

"Hini ni ya kutembelea," alisema. "Mtu aweza kwenda nayo hadi Marikiti. Kuteza hatezi."

Sikubishana. Nilirudi stoo nikadhani kasoro ni sauti ya chumba, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo Khalati hulitaja. Palikuwa na magodoro sita ya sufi yaliyokunjwa kwa ajili ya wageni. Nikayapigilia misumari ukutani, manne kwenye kuta na mawili mlangoni, ili kuukata mwangwi. Mwangwi wa sauti za juu ulipungua kweli. Makofi yaliacha kurudi. Besi haikujali. Godoro la unene wa kiganja haliwezi kuzuia wimbi la mita 5.6, ili kulidhoofisha ungehitaji pamba ya unene wa robo ya wimbi, yaani mita 1.4, na hapo stoo yenyewe ingejaa. Siku tatu baadaye wageni wa kwanza walifika kutoka Lamu na basi. Mama alifungua stoo kuchukua magodoro, akayavuta, na misumari ikachana vitambaa kutoka juu hadi chini. Sufi ilimwagika ngazini, ikapanda na upepo hadi ukumbini, ikatua kwenye chai ya wageni. Magodoro hayo Bibi alikuwa ameyajaza mwenyewe kwa mkono. Nilishinda siku nzima na sindano nene na uzi, nikiyashona chini ya usimamizi wa Khalati, na wageni walilala juu ya mikeka.

Niliposhona godoro la mwisho nilikuwa nimeshajua kwamba tatizo si chumba. Nilikuwa siijui chakacha. Nilikuwa nimeisikia kila harusi tangu utotoni kupitia madirishani, na nikadhani kusikia ni kujua.

Hapo nikakumbuka kaseti.

Ilikuwa ndani ya kasha la Bibi, chini ya leso za Barabara ya Biashara ambazo bado hazijakatwa. Ilirekodiwa katika nyumba hii hii, usiku wa kupamba wa Mama, na redio-kaseti iliyowekwa juu ya kabati. Ngoma za vumi, chapuo na msondo zimo, na anayeongoza nyimbo ni mdogo wake Bibi, ambaye alifariki mimi nikiwa mtoto wa chekechea. Niliichukua bila ruhusa. Nalisema wazi kwa sababu ndilo kosa kubwa kuliko yote ninayoyasimulia hapa. Nilijua kama ningeomba ningepewa, pengine na masharti, lakini sikutaka kungoja.

Redio-kaseti ya Ami ilikuwa stoo, na miaka ya chumvi na unyevu wa pwani ilikuwa imeulainisha ule mpira mdogo unaousukuma utepe hadi ukawa unanata. Niliunganisha waya na laptopu, nikabonyeza. Kwa dakika nne nikasikia nyumba yetu kabla yangu: mlio wa vikombe, mtoto analia, wanawake wanaitana, halafu vumi ikaanguka chini kama mlango mzito na sauti ya mwanamke ikapanda juu yake. Nywele zilinisimama. Halafu sauti ikaanza kuzama, ikawa nzito, ikawa ya mwanamume, ikakatika. Nilipofungua kifuniko, utepe ulikuwa umejizungusha kwenye mpira ule tabaka juu ya tabaka. Nikavuta polepole. Ulikatika mkononi mwangu.

Kipande kilichokunjika kama ukurasa uliotafunwa kilikuwa cha urefu wa kidole changu cha shahada na kidogo. Utepe wa kaseti hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Nilipima, nikapata sentimita tisa na nusu. Sekunde mbili.

Nilikwenda kwa Bibi na kaseti mikononi. Alikuwa anasali dhuha. Nikangoja nje ya mlango, na kungoja kule kulikuwa kurefu. Alipotoka nikamweleza yote, la kuichukua na la kuikata. Alikaa kitandani. Aliuliza jambo moja tu: "Ni wapi?" Nikamwambia ni baada ya ubeti wa kwanza, kabla msondo haujaingia. Akafumba mato. Midomo yake ikaanza kutikisika, akapitia wimbo ule kichwani tangu mwanzo, na mkono wake ukigonga goti.

"Hapo alikuwa akiteka," alisema. "Alimwona mamako amejificha nyuma ya shela. Aliteka, kisha akaendelea."

Kicheko cha marehemu. Hicho ndicho nilichokitafuna.

Sina maneno ya kueleza nilivyojisikia, na sitayatafuta. Nilikwenda Mwembe Tayari kwa mzee mmoja anayetengeneza redio. Alifungua zile skurubu tano ndogo za kaseti, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa. Akanionyesha namna ya kukata ncha mbili za utepe kwa wembe, kwa mshazari, na kuzigundisha upande wa nyuma, ule usiogusa kichwa cha kusomea. Nilitaka aziunganishe zikutane. Alikataa. Alisema nikiziunganisha hivyo ngoma itaruka, mguu wa mchezaji utakosa pa kukanyaga; heri pakae kimya kwa kipimo kile kile kuliko paruke. Akakata sentimita tisa na nusu za utepe mtupu kutoka kaseti nyingine, akautia kama kiraka. Wakati gundi ikishika alinieleza kaseti zilivyokuwa zikitembea mji huu, Mbwana Radio Service ikiuza taarabu za Juma Bhalo na Zein l'Abdin na Zuhura Swaleh, na kabla ya hapo santuri za lebo ya Mzuri za akina Assanand. Mtu akitoka Uarabuni kwa likizo alirudi na sanduku zima la kaseti. Hakutaka malipo. Alitaka nimwachie nakala.

Jioni hiyo Bibi aliniita. "Njoo na sinia," alisema. "Kubwa, la bati. Na kijiko cha mbao."

Aliliweka sinia mapajani, akaniambia nisitazame laptopu bali mikono yake. Kiganja cha kulia kilipiga katikati, sauti ya chini, pwaa, kikanyamaza, kikapiga tena. Kijiko cha mkono wa kushoto kilipiga ukingoni, na ukingo ulilia mara tatu katika muda ambao katikati ililia mara mbili. Mbili na tatu, zikianza pamoja, zikiachana, zikikutana tena. Nilihesabu kimoyomoyo hadi sita: kulia ni moja na nne, kushoto ni moja, tatu na tano. Nikaona kosa langu lilipokuwa. Visanduku 16 haviwezi kugawanywa mara tatu sawasawa. Tangu nilipofungua programu siku ya kwanza nilikuwa nimekubali, bila kuulizwa, kwamba kila ngoma duniani hutembea kwa miguu minne. Chakacha huhitaji 12.

Bibi aliendelea. Vumi, alisema, ndiyo nyumba, hukaa chini. Chapuo, ndogo, hushika mwendo na haichoki. Msondo ndio unaosema na mchezaji. Ukikaa kimya, kiuno husubiri. Mamake alikuwa mtu wa Banu Saada, chama cha ngoma ya lelemama kilichoshindana na Ibinaal Watan kwa nyimbo na mavazi mji mzima, na mwanahistoria Margaret Strobel aliviandika vyama hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa. Bibi hajakisoma. Yeye anakumbuka mamake akirudi alfajiri, miguu imevimba, akikosoa mpigaji aliyeharakisha. Na Zuhura Swaleh alipoitia chakacha ndani ya taarabu, na ala ya taishokoto ikimlilia pembeni, Bibi anasema wanawake waliokuwa wameketi vitini walianza kutafuta nafasi ya kusimama.

Nilimwomba ruhusa ya kurekodi sinia. Safari hii niliomba. Akakubali, akapiga dakika tano bila kusita.

Sasa nataka kuonyesha kitu kimoja kwa karibu, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha. Nilipoiweka rekodi ile kwenye skrini, na mistari ya hesabu nyuma yake, karibu kila pigo la Bibi lilikuwa nje ya mstari. Programu ina kitufe cha kurekebisha hilo: unabonyeza, kila pigo linasukumwa likae juu ya mstari ulio karibu. Nikabonyeza. Mlio ukawa ule ule, bati lile lile, kijiko kile kile, na ngoma ikafa. Ikawa kama mtu anayesoma kwa sauti lugha asiyoijua. Nikarudisha nyuma, nikaivuta picha ya sauti iwe kubwa, nikaanza kupima pigo kwa pigo. La kwanza la kijiko lilikuwa mstarini. La pili lilitangulia kidogo mno. La tatu lilichelewa, kama sehemu 30 za elfu za sekunde. Nikapima mzunguko uliofuata, la tatu likachelewa kiasi hicho hicho. Nikapima mizunguko 40. Mkono wa mwanamke wa miaka sabini na kitu ulichelewa mahali pale pale, kwa kiasi kile kile, kila mzunguko.

Kuchelewa kule ndiko mahali kiuno kinapozungukia. Prodyuza J Dilla wa Detroit, ambaye mashine yake ya MPC imewekwa katika jumba la makumbusho la Wamarekani Weusi mjini Washington, anasifiwa dunia nzima kwa kuziacha ngoma zake zikae nje kidogo ya mstari. Nilikuwa nimetazama video nyingi za kumchambua. Jikoni kwetu sikuwa nimetazama.

Siku kumi zilizobaki nilifanya kazi kama sijawahi. Spika zikakaa kimya zaidi kuliko kulia. Asubuhi nilitembea Ndia Kuu bila hedifoni, nikimfuata muuza kahawa na vikombe vyake vinavyogongana kiganjani, nikamsikia akipunguza mwendo anapokaribia baraza yenye wazee na kuongeza anapopita duka lililofungwa. Mchana nilichora vumi upya. Besi niliishusha kutoka ile B hadi noti ambayo chumba hakikuipenda wala kuichukia, nikahamisha kigoda kutoka katikati. Na kwa kuwa simu ya Mama haikuweza kuitoa besi hata kidogo, niliikwaruza kidogo ndani ya programu ili izae sauti za juu yake, mara mbili, mara tatu, mara nne ya mtikisiko wake. Sikio likisikia hizo hujazia lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Mama alipoiweka sikioni akasema, "Ee, sasa ina tumbo."

Sauti ya mdogo wake Bibi niliikata kutoka kwenye kaseti na kuiweka juu. Haikulingana na mwendo wowote ulioandikwa, kwa sababu wapigaji wa usiku ule waliharakisha kadiri wimbo ulivyopanda. Nilijaribu kuinyosha ifuate mashine. Siku ya pili nikaigeuza mashine iwafuate wao, mstari kwa mstari. Na pale penye kiraka, penye sekunde mbili za kimya, niliweka sinia la Bibi peke yake.

Usiku wa kupamba ukafika. Wanawake walipanda juu, buibui zikaachwa kwenye mkono wa ngazi, harufu ya udi na asumini ikashuka hadi mtaani. Mimi, Ami na wajomba tulikaa barazani. Simu yangu niliikabidhi kwa Khalati mlangoni, ikiwa na wimbo, naye akaiunganisha na spika za kukodi.

Mtu aliye nje husikia nini? Ukuta wa matumbawe humeza karibu kila kitu, ila vumi hupita. Nikaisikia ikianza. Nikashika pumzi. Mapigo manne, sita, nane, hakuna kitu. Halafu boriti zikaanza kulia juu yetu, taratibu, kwa mwendo wa mbili na tatu, chokaa kidogo ikanidondokea begani, na kigelegele kikapasua dirisha. Ami alinitazama. Hakusema neno; alinisogezea sahani ya kaimati.

Wimbo uliitishwa mara ya pili, na mara ya tatu. Katikati ya mara ya tatu stima ikazima.

Taa za majirani zilikuwa zinawaka. Nikajua mara moja. Tangu adhuhuri nilikuwa nimezijaribu spika zile za kukodi kwa sauti kubwa, feni tatu zikizunguka, na mita ya jikoni ilikuwa imeshaanza kulia nikaipuuza kwa haraka yangu. Tokeni zilikuwa zimeisha, na simu yenye pesa za kununulia ilikuwa juu, mahali nisipoweza kukanyaga. Ami alinyanyuka akakimbia dukani akiwa na kikoi.

Nilibaki gizani nikingoja lawama. Juu kulikuwa kimya, kama kile cha kwenye kiraka. Kisha nikasikia bati. Pwaa. Na ukingo ukajibu, mara tatu kwa mara mbili. Mtu akaingiza mkebe, mwingine meza, halafu zikaingia pembe za vugo ambazo Bibi huzitunza uvunguni mwa kitanda, kavu, kali, zikigongwa kwa kijiti. Wakaimba wimbo ule ule wa kaseti. Sakafu ikarudi kulia, kwa nguvu kuliko ilivyolia kwa spika. Nililitafuta pigo la tatu, na lilichelewa, na sasa lilichelewa kwenye mikono kumi kwa pamoja.

Ami aliporudi na tokeni taa zikawaka na biti yangu ikarukia katikati yao, haraka kidogo kuliko walivyokuwa wamefika wao. Sauti ya Mama ikasikika: "Zima, zima kwanza!" Ikazimwa. Waliendelea na sinia hadi karibu na alfajiri.

Wageni walipoondoka nilipanda kukusanya vyombo. Bibi alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta, chini ya kidaka kitupu, miguu ameinyosha, sinia liko pembeni limejaa vikombe vichafu. Nikamwomba radhi kwa ajili ya stima. Akanipungia mkono kama anayefukuza nzi.

"Ilitezwa," alisema. "Mara mbili na nusu. Mkeo amechoka." Kisha akasema, "Lete ile kaseti. Si ya kwenye simu. Kaseti."

Nilimletea redio niliyoazimwa na mzee wa Mwembe Tayari, ambayo mpira wake haunati. Nikabonyeza. Tukasikiza vikombe vya miaka ile, mtoto analia, vumi inaanguka, mdogo wake anaimba ubeti wa kwanza. Nilihesabu ndani ya moyo tukikaribia pahali penyewe. Utepe ukaingia kwenye kiraka, chumba kikanyamaza, na Bibi, mato ameyafumba, akanyoosha mkono akapiga sinia kwa kiganja, mara moja, halafu tena, vikombe vyote vikaruka, na sauti ya nduguye ikaingia pale pale ilipotakiwa kuingia.